Mwalimu Léopold na Kodi ya Kazi ya Pili

Alhamisi ile Sidonie alifunga meza yake ya ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni mapema, akapita kwa muuza mkaa, akafika nyumbani na kuwasha jiko. Alisonga ugali wa muhogo, akachemsha mboga ya lengalenga, akakaanga samaki wawili, mmoja wake na mmoja wa binti yake Furaha. Kisha akatoa kiti cha mbao chenye mkono mmoja uliovunjika, akakifuta vumbi na kukiweka upande ambao moshi hauendi. Kiti hicho kilikuwa cha mumewe, mwalimu Léopold, aliyefariki kwa ugonjwa wa figo msimu wa mvua wa mwaka juzi, na ambaye alikuja kula nyumbani kila Alhamisi.

Kusema kula ni kuongeza chumvi. Wafu hawali, hilo linajulikana, lakini wanapenda kukaa penye harufu ya chakula na kuulizwa habari. Huko Uvira jua halizami ziwani kama wageni wanavyodhani. Linaangukia nyuma ya milima, mapema kabisa, na ziwa upande wa pili linabaki na mwanga wake kwa muda. Katika muda huo ndipo wafu hushuka kutoka makaburini. Walioacha watoto wadogo huja karibu kila siku, walioacha madeni huja mara chache, na walioacha wake wawili hufika njia panda wakasimama pale wakifikiri. Mwalimu Léopold alichagua Alhamisi kwa sababu alipokuwa hai ndiyo siku aliyokuwa na vipindi vichache.

Alhamisi ile hakuja. Ugali ulipoa. Sidonie hakuogopa, alikasirika, kwa maana wiki iliyofuata, siku ya Jumamosi, watu wa Lemera wangeshuka na ng'ombe kumposa Furaha, na kulikuwa na mengi ya kupanga. Kijana mwenyewe, Vainqueur, alikuwa mtu wa adabu na wazazi wake walikuwa watu wa shamba na mifugo, wasiopenda kucheleweshwa. Siku kama hiyo lazima baba wa binti aketi kwenye kiti mbele ya wageni, aulizwe, ajibu. Baba asipokuwepo, kiti hukaliwa na ndugu yake. Na aliyekaa kwenye kiti ndiye anayepokea ng'ombe, na ng'ombe wakishapokewa na mtu, hulala kwa mtu huyo. Ndugu wa Léopold alikuwa mmoja tu, mdogo wake, André. Furaha alikuwa ameshasema neno lake: ataitikia mbele ya baba yake, la sivyo wageni warudi Lemera na ng'ombe wao.

Mama mmoja aliyekuwa anarudi na kapu la mkaa alichungulia uani.

"Mama Furaha, mume wako wamemuzuia kule juu, ku kamba."

Sidonie alifunika sahani, akajitanda kitenge na kupanda.

Kamba hiyo ilijulikana na kila mtu. Ilikuwa ya nailoni ya kijani, imefungwa kutoka nguzo ya umeme isiyo na waya hadi kwenye mchikichi, mahali ambapo njia ya makaburi inakutana na barabara. Mwenye kuishika alikuwa Chadrack, aliyevaa shati la kazi juu na kaptula ya kuchezea mpira chini. Alitoza baiskeli za mkaa, mbuzi, magunia ya muhogo, na mtu yeyote aliyeonekana kuwa na haraka. Wafu hakuwahi kuwagusa. Walipita chini ya kamba, wengine wakamsalimia.

Jioni hiyo mwalimu Léopold alikuwa ameketi juu ya jiwe upande wa makaburi, amevaa suti ya bluu aliyozikwa nayo, na tai ambayo André alimchagulia na ambayo hakuipenda tangu siku ya kwanza. Wafu wengine walikuwa wanainama na kupita. Kulikuwa na tajiri mmoja wa dhahabu, aliyekuwa na maduka, boti na malori, naye akainama, akapita, akajipangusa magoti na kuendelea zake mjini.

"Mama mwalimu, usinikasirikie," Chadrack alisema. "Minye niko natumika tu. Amri ya mupya ilishuka. Muntu mwenye iko na kazi mbili, kama hakulipa kodi ya ile ya pili, hapiti."

"Na ule wa dahabu?"

"Ule hakuna mahali kwenye alisema kama iko na kazi ngapi. Mwalimu njo yeye aliuliza."

Hilo lilikuwa kweli, na mji mzima ulilijua. Léopold alikuwa mwalimu wa fizikia wa serikali, upande wa Mulongwe. Ziwa lilipoanza kupanda na kula nyumba za watu, shirika moja la wageni lilisimamisha nguzo yenye namba ufukweni na kumpa kontra, yaani mkataba, ya kuisoma kila Jumamosi na Jumapili. Kwa pesa hizo aliezeka nyumba na kumlipia Furaha masomo. Mwishoni mwa kontra, chini kabisa, kulikuwa na mstari uliosema kwamba mtoa huduma atajilipia kodi mwenyewe. Mstari huo upo katika kontra zote za mashirika, na watu wenye akili zao huuruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Léopold aliusoma mara mbili, akapiga pasi shati, akaenda ofisi ya kodi kuuliza inalipwaje. Wakamwambia arudi Jumatatu. Alirudi Jumatatu nyingi. Hakuna aliyejua kodi hiyo inalipwaje, kwa sababu hakuna aliyewahi kuja kuilipa, lakini jina lake likabaki kule. Baadaye figo zikamlaza, akafa akiwa bado anasubiri jibu.

Sidonie hakuwa mtu wa kubishana na kamba. Alifungua fundo la kitenge, akatoa noti, akamtilia Chadrack mkononi. Chadrack akashukuru, akaiweka mfukoni, akainua kamba juu kabisa.

Léopold hakuondoka kwenye jiwe.

"Papa Furaha, pita basi. Ugali imepoa."

"Huyu mutoto nilimufundisha umeme," Léopold alisema. "Alipata mbili juu ya kumi. Leo nipite chini ya kamba yake sawa mbuzi? Niletee karatasi yenye iko na muhuri. Nitapita nimesimama."

"Ilikuwa tatu, mwalimu," Chadrack alisema.

"Ilikuwa mbili."

Ukaidi wa Léopold ulimchosha Sidonie akiwa hai, na kifo hakikuupunguza hata chembe. Alimtazama pale juu ya jiwe, na tai yake mbaya, akataka kumpiga na akataka kumkumbatia, vyote kwa wakati mmoja. Kuzunguka hakukuwezekana. Mfu hurudi kwa njia aliyobebwa nayo, hana nyingine, na Léopold alibebwa kwa njia hiyo, mbele ya watu wengi, kwa heshima. Sidonie alimwambia atulie, karatasi atapata. Alishuka na kula samaki wake akiwa baridi.

Jumatatu alivaa kitenge chake kizuri, akaweka kwenye mfuko wa plastiki kontra ya zamani na cheti cha kifo, akaenda ofisini. Dirishani alikuwa Libérate, mama mnene mwenye sauti ya pole, ambaye marehemu mama yake alimjia kila Jumapili kumkosoa mapishi. Sidonie alieleza shida yake tangu mwanzo bila kupunguza kitu. Libérate alisikiliza huku akitikisa kichwa, maana hadithi ilikuwa ya kawaida isipokuwa pale ambapo mtu alitaka kulipa.

"Kodi ya kontra haisimame yeye peke, mama," alisema. "Inapanda juu ya mushahara. Wanajumlisha yote mbili."

"Mushahara gani? Muntu alikufa. Cheti hii hapa."

"Mushahara wa mwalimu Léopold iko natoka kila mwezi. Na kodi yake iko nakatwa kila mwezi. Ule upande iko sawa kabisa, hana deni."

"Nani iko naipokea?"

"Ni ule mwenye iko naipokea," Libérate alijibu, akaangalia kalamu yake.

Sidonie hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alikumbuka siku ya matanga, watu bado wamekaa kwenye mikeka, André alipomsogelea na kumwomba kadi ya benki ya marehemu aihifadhi, isije ikapotea katika vurugu za watu. André alifanya kazi kwenye ofisi inayopitisha mishahara ya walimu. Baada ya wiki chache alikuja kumwambia kwa masikitiko kwamba serikali imefunga akaunti. Baada ya miezi michache akanunua pikipiki. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimekuja hadi matangani kikalia kuliko wengine.

Libérate alimweleza mambo yalivyokaa, kwa upole, kwa sababu alimhurumia. Njia zilikuwa mbili. Sidonie akikipitisha kile cheti cha kifo, mshahara utasimama, mwenye kuula atakosa, na yeye ataweza kuanza kudai haki ya mjane, jambo ambalo huchukua miaka lakini watu kadhaa wameshalipwa. Lakini mfu hana dirisha la kulipia kodi. Hatalipa, hatapata karatasi, na kule kwenye kamba atakaa. Au Sidonie asaini kwamba mwalimu Léopold ni mzima, anafundisha na anapokea mshahara wake. Hapo Libérate ataipokea kodi ya kontra leo hii, na muhuri ataugonga leo hii. Akishasaini hivyo, haki ya mjane asahau, kwa kuwa mke wa mtu mzima si mjane.

"Nirudi lini?" Sidonie aliuliza.

"Mpaka siku ya tano, Ijumaa. Siku ya sita hatutumike."

Jioni hiyo André alikuja kwa pikipiki. Aliegesha karibu kabisa na jiko, akavua kofia, akatoa pole kwa mkasa wa kaka yake.

"Shemeji, usisumbuke kichwa. Mukubwa kama bado iko ku kamba siku ya sita, minye niko. Nitakaa ku kiti. Na bia nitaleta ya kutosha, watu ba Lemera basiseme tuko maskini."

Sidonie alimkaribisha chai. Alitazama viatu vyake, vipya, vyenye ncha ndefu mbele, akatazama kofia ya pikipiki aliyoiweka juu ya kiti cha Léopold. Aliiondoa kofia, akaiweka chini. Habari ya mshahara hakumtajia, na si kwa woga. Alikuwa mwanamke wa sokoni, na mwanamke wa sokoni hatangazi bei kabla hajajua anauza au anabaki na mali yake.

Alhamisi alipanda tena kwenye kamba, safari hii na kigoda na sahani ya chakula iliyofunikwa. Alikaa upande wa mjini, Léopold akakaa upande wa makaburi, na sahani wakaiweka katikati ili harufu imfikie. Chadrack, ambaye alilelewa vizuri licha ya kazi yake, alikwenda kusimama mbali kidogo na kuanza kusumbua baiskeli. Chini kule ziwa lilikuwa bado na mwanga. Kiboko mmoja alikuwa amepanda kula majani kwenye uwanja wa mpira, na wachezaji walikuwa wamehamia nusu nyingine ya uwanja.

Sidonie alimweleza yote. Alipofika kwenye jina la André, Léopold alivuta tai yake kidogo.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Sanduku yenye alininunulia ilikuwa ya mbao muzuri sana. Minye nafahamu bei ya mbao."

Mama mmoja aliyekufa kwa uzazi alipita chini ya kamba, haraka haraka, kama kila siku.

"Nikisaini kama weye iko muzima," Sidonie alisema, "André atakula mpaka azeeke. Na minye nitakuwa nimemukaribisha ku meza."

"Na usiposaini?"

"Atakaa ku kiti yako. Atapokea ng'ombe ya mutoto wako. Furaha atakataa, watu ba Lemera bataondoka, na ule kijana ni wa muzuri."

Léopold aliivuta harufu ya samaki kwa muda mrefu. Alipokuwa darasani pia alikuwa hivyo, haandiki jibu ubaoni kabla hajafuta ubao wote.

"Mushahara nilishazoea kuishi bila kuuona," alisema. "Hata nikiwa muzima ulikuwa unakawia. Mutoto simuachie."

Sidonie alilia pale kwenye kigoda, bila kujificha, na Chadrack akageukia upande mwingine. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Ile pesa ya mjane alikuwa ameshaipangia kazi: meza kubwa zaidi sokoni, karo, na jiwe la kaburi lenye jina lililoandikwa vizuri. Alipomaliza alijifuta na ncha ya kitenge, akachukua sahani, akasema wataonana Jumamosi.

Ijumaa alikuwa wa kwanza dirishani. Alisaini kwamba mume wake ni mzima. Aliandika jina lake lote, kubwa, kama mtu anayeandika ukutani. Kodi yenyewe haikuwa kubwa, ndagala za siku chache tu. Libérate aliihesabu, akagonga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulikuwa mkavu, akampa karatasi. Cheti cha kifo alimrudishia. Kilikuwa hakina kazi tena, alisema, lakini anaweza kukitunza kwa kumbukumbu.

Jumamosi watu wa Lemera walishuka mchana. Pale kwenye kamba walilipia kila ng'ombe, na mmoja aliyekuwa na mimba Chadrack akamtoza mara mbili. Walifika wamevaa makoti licha ya joto la ziwa, kwa sababu walikotoka kulikuwa na baridi na hawakutaka mtu asahau. André alikuwa ameshakaa kwenye kiti tangu saa za jua kali, amevaa viatu vyake vya ncha, na kreti za bia zimepangwa nyuma yake ili zionekane. Msemaji wa Lemera, mzee mcheshi mwenye sauti ya kanisani, alitaka kuanza. Sidonie akasema wageni hawaanzi kusema na njaa. Wakala. Akasema hawaanzi kusema na kiu. Wakanywa. Akaleta karanga. Msemaji alimwelewa, akala karanga moja moja, akisimulia habari za ugonjwa wa muhogo.

Jua likaangukia nyuma ya milima. Sidonie alikuwa amempelekea Chadrack karatasi asubuhi, na Chadrack, kwa mujibu wa waliokuwepo, aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo, na jioni akamkabidhi mwalimu, akaifungua kamba kutoka kwenye mchikichi badala ya kuiinua, akaiacha ilale chini. Mwalimu Léopold alipita amesimama. Alishuka barabara nzima katikati, bila haraka, na karatasi kwenye mfuko wa koti, nusu yake imetokeza. Waliokuwa barazani wakasema mwalimu anakwenda kumwoza bintiye.

Alipoingia uani, watu wote walisimama. André pia alisimama. Alichelewa kidogo, lakini alisimama, na Léopold akaketi kwenye kiti chake chenye mkono mmoja uliovunjika. Msemaji akakohoa, akasema wao ni watu wa milimani, ndama wao amepotea, nyayo zake zimewaleta hadi kwenye ua huu. Msemaji wa upande wa Sidonie akajibu kwamba ndama wengi hupita hapa na kila mmoja ana mwenyewe. Walitaniana hivyo kwa muda unaotakiwa. Ng'ombe wakahesabiwa, mmoja akakataliwa kwa sababu ya pembe, akatetewa, akakubaliwa. Ndipo Furaha akaitwa.

"Mwanangu," Léopold alisema, "hawa batu baleta ng'ombe. Tupokee?"

Furaha alipiga magoti mbele yake. Alimshika mkono, ambao ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye maji, akaubana kwa mikono yake miwili.

"Mupokee, papa."

Akinamama walipiga vigelegele. Sidonie alicheza hadi kitenge kikamfunguka, akakifunga, akacheza tena. Hakuna aliyemwona na furaha ya namna hiyo tangu mumewe afe. Msemaji wa Lemera, akiwa ameshafika chupa ya pili, alisimama kumshukuru André kwa bia. Alisema ukoo wenye ndugu kama huyu hauna yatima. Watu wakapiga makofi.

Léopold naye akasimama.

"Aksanti, mudogo wangu," alisema mbele ya wote. "Hii bia najua ilikotoka. Ni bia ya jasho."

André alimtazama kaka yake, akatazama chini, akatazama kreti.

"Ni kidogo tu, mukubwa," alijibu.

Furaha alikwenda Lemera wiki mbili baadaye. Ng'ombe walibaki kwa mama yake, akamkabidhi mchungaji wa bondeni. Mambo mengine yalifuata yenyewe. Mkuu wa shule alipata habari kwamba mwalimu wake wa fizikia ni mzima kisheria na kwamba hajaonekana kazini kwa muda mrefu, akamwandikia barua ya onyo. Léopold aliona mkuu ana haki. Mtu ambaye mshahara wake unatoka kila mwezi lazima afundishe, alisema, hata kama mshahara unapita njia nyingine. Chadrack akawa anamwachia kamba wazi kila jioni. Wakampa darasa la watahiniwa katika muda ule ambao ziwa lina mwanga, wanafunzi wakaja na makoti kwa sababu darasa lilikuwa na baridi anapoingia, na matokeo ya fizikia yakapanda. Wazazi walifurahi, wengine wakaomba wafu wafundishe na hesabu.

Shirika la wageni nalo lilimrudia. Ziwa lilikuwa limeshaimeza ile nguzo yenye namba, na wasomaji wote waliofuata walikuwa wakikisia. Léopold aliingia majini na suti yake, akatembea chini hadi kwenye nguzo, akasoma, akatoka. Akapewa kontra mpya, yenye mstari uleule mwishoni. Safari hii alisaini pamoja na mke wake, na malipo yakawekwa mikononi mwa Sidonie. Ndiyo pesa pekee ya mumewe iliyowahi kumfikia tangu azikwe. Alinunua meza kubwa zaidi sokoni. Na kila muda wa kodi ulipofika, alivaa kitenge kizuri akaenda dirishani kulipia kazi ya pili ya mwalimu Léopold, ili Chadrack asipate neno. Libérate alimwambia kwamba katika mji wote, walio hai na waliokufa, wa namna yake alikuwa peke yake. Alimwambia kwa sifa, na Sidonie aliipokea kama sifa, ingawa iliuma.

Siku moja alikuwa anangoja muhuri ukauke, André akaingia. Alikuwa amenunua kiwanja upande wa barabara kuu na alitakiwa kuonyesha karatasi kwamba hana deni la kodi. Alimsalimia Sidonie kwa heshima zote, akamuuliza habari za mukubwa, akaambiwa ni nzuri, jana alikuwa anafundisha mawimbi. Akasogea dirishani. Libérate alimuuliza jina, mtaa, na ofisi anayofanyia kazi.

"Na kazi ya pili iko?"

"Minye?" André alisema. "Hapana. Niko na kazi moja tu."

Libérate aliinua macho, akamtazama Sidonie. Sidonie alikuwa anaikunja karatasi yake taratibu, mara mbili, ili iingie vizuri kwenye mfuko wa koti la bluu. Hakutikisa kichwa wala hakukiinamisha; saini yake kwamba mumewe ni mzima ilikuwa bado ndani ya ofisi hiyo.

Libérate akaandika moja, akagonga muhuri, akamwambia apite.